Chanjo ya saratani ya ng'ombe inakwama wapi?

Mfugaji wa Kasulu au Uvinza akiona mitoki ya ng'ombe imevimba chini ya masikio, hufikiria kwanza ndigana kali, na mara nyingi hakosei. Lakini upo uvimbe mwingine wa tezi usioletwa na kupe. Chanzo chake ni virusi vya leukemia ya ng'ombe, vilivyotambuliwa Marekani mwaka 1969. Mwaka 1997 watafiti walichapisha ushahidi kwamba ng'ombe wa Tanzania nao wanavyo.

Ni retrovirusi, ukoo mmoja na Virusi vya Ukimwi na vile vya sokwe wa Gombe, kaskazini tu ya Kigoma mjini. Kirusi cha ng'ombe kikiingia kwenye chembe nyeupe ya damu hujipachika ndani ya vinasaba vyake, na chembe ikigawanyika, watoto wake hukirithi. Mwili hutengeneza kingamwili kwa wingi, ila hazikifikii huko kilikojificha. Ng'ombe wengi huishi nacho bila dalili yoyote. Wachache, chini ya 1 kati ya 10, hupata saratani, aghalabu wakishavuka miaka 3.

Chanjo za virusi vilivyouawa zimejaribiwa kwa miongo kadhaa, kinga yake ikawa hafifu. Iliyotia moyo zaidi ni ya Luc Willems wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na wenzake wa Argentina. Walikata baadhi ya jeni, wakabakiza kirusi hai kinachokaa mwilini bila kuzaana sana, na ng'ombe waliochanjwa wakakingika. Hofu ni kubwa hata hivyo, kwa kuwa kirusi hicho hakitoki tena.

Kwetu wazo la chanjo hai si geni. Chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga, Kenya, ni vimelea hai vinavyochomwa pamoja na oksitetrasaiklini. Vimelea hivyo navyo huzifanya chembe nyeupe zigawanyike ovyo kama za saratani, lakini vina dawa ya kuviua. Retrovirusi hii haina.

Kwa hiyo, wakati chanjo ikisubiriwa, tuitazame damu, maana ndiyo inayobeba virusi hivi. Sindano moja ikipita kundi zima, tone lisiloonekana latosha kuambukiza. Kisu cha pembe, koleo la hereni na glovu ya kupimia mimba ni vivyo hivyo. Denmark na Uingereza zilivitokomeza virusi hivi bila chanjo, kwa kupima na kuondoa walioambukizwa, njia iliyo ghali mno kwa mwenye ng'ombe 6 wa Ankole. Halmashauri inayopeleka chanjo ya homa ya mapafu kijijini ipeleke na sindano zinazolingana na idadi ya ng'ombe.