Maji na Sabuni Ndivyo Vinavyochakaza Mashine

Mashine ya kufulia ikianza kunuka uvundo, au birika la umeme likianza kujizima kabla maji hayajachemka, lawama ya kwanza huangukia uzee wa chombo na ya pili huangukia umeme. Umeme wetu una makosa yake: ukikatika na kurudi kwa kishindo huunguza bodi za mashine, na ukiwa mdogo huichosha mota ya friji. Kwa hayo kifaa cha kulinda umeme kinafaa, na anayeweza kukinunua akinunue. Lakini kifaa hicho hakiwezi kuizuia koili isifunikwe na chokaa, wala mpira wa mlango usiote kuvu, wala pampu isizibwe na utelezi wa sabuni. Hoja yangu ni kwamba vyombo vya jikoni na vya kufulia huchakazwa sana na vitu viwili tunavyovitia kwa mikono yetu wenyewe, yaani maji na sabuni. Kuvisafisha basi ni kazi ya kuondoa mabaki ya vitu hivyo, na kila baki lina dawa yake.

Tuanze na maji. Sehemu kubwa ya Unguja, na vipande virefu vya pwani kuanzia Mombasa kwenda kusini, vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua yakipenya udongoni huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, yakawa na uchachu kidogo, nao uchachu huo unatosha kuumumunyua mwamba taratibu. Yanapochotwa kisimani yanaonekana safi kabisa, kumbe yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndiyo maji magumu. Wataalamu huyapima kwa miligramu za chokaa katika kila lita: chini ya 60 ni laini, zaidi ya 120 ni magumu, na yakipita 180 ni magumu sana. Ukiyachemsha, kaboni dayoksaidi hutoroka na chokaa hairudi kumumunyuka; hushuka na kushika mahali penye joto kali zaidi, yaani kwenye koili na kitako cha birika. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, kwa hiyo birika la Mwanza linaweza kutumika muda mrefu bila kuota ukoko ambao birika la nyumba yenye kisima cha mwamba wa Unguja litauota upesi. Asiyejua maji yake ni ya aina gani atie kiasi kidogo kwenye chupa safi, aongeze kipande kidogo cha sabuni ya mche, aitikise kwa nguvu, kisha afanye vivyo hivyo kwa maji ya mvua. Yale yatakayotoa povu haba na kubaki na ukungu mweupe ndiyo magumu. Sabuni ya unga haifai kwa jaribio hili, maana imetengenezwa ili ifanye kazi hata katika maji ya namna hiyo. Niongeze kwamba ukoko huo hauna sumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Anayeumia ni koili.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi hulisema visivyo. Husemwa kwamba koili yenye chokaa hula umeme mwingi. Kwa hita za gesi ni kweli kwamba nishati hupotea, kwa kuwa moto uko nje ya tangi na ukoko ukiziba njia, joto hutoka na moshi. Lakini koili ya umeme imezama ndani ya maji. Joto lake halina pa kwenda ila kwenye maji hayohayo, hata likichelewa njiani. Mwaka 2009 taasisi ya Battelle nchini Marekani ilitoa matokeo ya majaribio ya hita za aina mbalimbali zilizotumia maji magumu, na hita za umeme hazikupoteza ufanisi wake. Hatari waliyoitaja ni nyingine: chokaa hupitisha joto kwa shida, hivyo waya ulio ndani ya koili hulazimika kuwa na joto kali zaidi ili joto lilelile lipenye, na hali hiyo hufupisha maisha yake. Birika linalojizima mapema linatuambia hivyo hivyo, kwamba kitako kimepata joto kupita kiasi na swichi ya usalama imekata. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu mtu akiahidiwa kwamba bili itashuka na isishuke, ataacha kusafisha. Faida yake haimo kwenye bili. Imo katika koili ambayo hutalazimika kuinunua tena.

Chokaa huondolewa kwa uchachu, wala hakihitajiki kitu cha bei kubwa. Ndimu ya unga inayouzwa kwenye maduka ya viungo inatosha, na siki ya kawaida pia inatosha, ingawa harufu yake hukaa. Tufanye hesabu. Nyumba inayochemsha lita 5 kwa siku kwa maji yenye miligramu 200 hupitisha gramu 30 za chokaa birikani kwa mwezi. Tuseme robo yake ndiyo inayoshika. Hiyo ni gramu 7 na nusu. Kijiko kimoja kikubwa cha ndimu ya unga, karibu gramu 15, kina uwezo wa kuyeyusha gramu 11 hadi 12. Kijiko kimoja kwa mwezi, basi, ndani ya lita moja ya maji ya moto, kikae nusu saa, kisha birika lisuuzwe vizuri. Maji hayo yawe ya moto lakini yasiendelee kuchemka: uchachu wa ndimu ukikutana na kalsiamu huzaa chumvi ambayo humumunyuka kwa shida zaidi kadiri joto linavyopanda, na ukichemsha kwa pupa unaweza kuondoa ukoko mmoja na kuuacha mwingine. Sufuria na vyombo vya alumini visilowekwe kwenye uchachu huu, kwa kuwa huliwa. Wapo pia wanaochanganya siki na magadi ya kupikia, wakiamini povu linalofurika ndilo linalosafisha. Povu hilo ni dalili ya dawa mbili zinazouana. Magadi yanaumaliza uchachu wa siki kabla haujaifikia chokaa, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Ukitaka magadi, yatumie peke yake kusugulia mafuta ya jiko, kazi inayoyafaa.

Sasa sabuni, ambayo naiona kuwa tatizo kubwa kuliko maji kwa sababu tunaipenda. Povu limekuwa ushahidi wa usafi machoni petu tangu enzi ya kufua kwa mikono, na kwenye beseni lina maana fulani, maana mfuaji huona sabuni inapoisha nguvu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele mambo hugeuka. Mashine hiyo husafisha kwa kuinua nguo na kuziangusha ndani ya maji machache, na povu jingi hulipunguza pigo la nguo zinapoanguka. Pampu iliyoundwa kusukuma maji hushindwa kusukuma povu, nacho kifaa cha kupima maji hudanganyika. Sabuni za unga za kufulia kwa mikono zimetengenezwa zitoe povu; zile za mashine huwekewa kitu cha kulizuia. Mtu atasema sabuni ya mashine ni ghali. Ni kweli ukilinganisha bei ya mfuko kwa mfuko, lakini kipimo chake ni kidogo, na sabuni isiyosuuzika haiendi bure: hubaki kwenye nguo na kuzikakamaza, na hubaki nyuma ya dramu, mahali ambapo jicho halifiki, ikijengeka pamoja na nyuzi na mafuta ya ngozi kuwa tope jeusi. Kwenye maji magumu sabuni halisi hufanya baya zaidi, hushikana na kalsiamu ikawa utando mzito usioyeyuka. Mwenye maji magumu anahitaji kuongeza sabuni kidogo kama paketi inavyoelekeza, lakini mwenye maji laini akifuata mkono wa jirani yake wa kisimani anailisha mashine tope.

Tope hilo ndilo chakula cha wadudu wanaoleta uvundo. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba harufu ile ya nguo iliyofuliwa ikanuka tena hutokana hasa na bakteria wa jamii ya Moraxella. Kufua kwa nyuzi 30 au 40 kila siku huokoa umeme, nami siupingi mtindo huo, lakini joto hilo huwaacha bakteria wengi hai. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi mashine yenye hita yake iendeshwe tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Anayehofia gharama ahesabu: kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunataka takriban uniti 0.6 za umeme, bila kuhesabu mzunguko wa dramu. Mashine za kufungulia juu mara nyingi hazina hita, na hapo maji ya moto humiminwa kwa ndoo, mradi yasiwe yanayochemka na kitabu cha mashine kiwe kinaruhusu. Kisha mlango uachwe wazi. Kwa hewa ya pwani, yenye unyevu mwingi karibu mwaka mzima, mlango unaofungwa baada ya kufua ni shamba la kuvu. Kama nyumba ina watoto wadogo, uangaliwe usiwe njia ya wao kuingia. Hatari hiyo si ya kudharau. Mkunjo wa mpira wa mlango ufutwe kwa kitambaa, kisanduku cha sabuni kichomolewe, na chujio la pampu lifunguliwe, kwani humo hukaa sarafu, vifungo na nywele.

Wenye tahadhari huuliza kama siki haiharibu mpira na vyuma vya mashine. Swali lao ni la haki. Siki ikitiwa kila ufuaji hufanya hivyo baada ya muda, na ndiyo maana watengenezaji kadhaa wanaikataza. Uchachu ni dawa ya nadra, kila baada ya miezi kadhaa na pale tu chokaa inapoonekana, na ndimu ya unga kwa kipimo ni bora kuliko siki. Maji ya chumvi ni shauri lingine kabisa, ingawa watu huyachanganya na maji magumu. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi inayotoboa chuma na kula mkono wa alumini unaoshikilia dramu kwa nyuma, na hakuna ndimu itakayoiponya kutu. Hapo msaada ni kusuuza mara ya mwisho kwa maji matamu, na maji ya mvua ya masika ni bora kwa hilo, kama yanavyoifaa pasi ya mvuke, kwa kuwa karibu hayana chokaa yakikingwa kwenye tangi la plastiki.

Jiki ina nafasi yake juu ya kuvu la mpira, ikiwa imezimuliwa na kusuuzwa baadaye. Isikutane kamwe na siki wala ndimu, iwe siku hiyo hiyo ndani ya mashine au kwenye ndoo moja: mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na chumba cha kufulia huwa kidogo na hakina madirisha ya kutosha. Ukishaanza na moja, endesha mashine tupu kwa maji matupu kabla ya kufikiria nyingine.