Baiskeli ya safari haichaguliwi kwa mng'aro

ANAYETAKA kuanza kuzuru nchi kwa baiskeli aghalabu hukosea dukani, kabla hata hajashika njia. Huvutiwa na inayong'aa, ilhali safari huhitaji inayomtosha, inayopanda mlima ikiwa na mzigo, na inayoweza kutengenezwa popote.

Jambo la kwanza ni kimo. Mnunuzi asimame huku fremu ikiwa katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili zikikanyaga chini. Kati yake na bomba la juu pabaki nafasi ya sentimita 2 hadi 5. Akiketi, goti likunjike kidogo pedali inapofika chini kabisa. Baiskeli isiyomtosha humwumiza magoti na mgongo, na kiti kinaweza kupandishwa, lakini fremu hairefushwi.

La pili ni gia. Atokaye Mombasa kwenda Nairobi huanzia usawa wa bahari na kufikia kimo cha takriban mita 1,700. Black Mamba imebeba maziwa na makaa kwa miaka mingi, lakini ni nzito na ina gia moja tu, mlimani husukumwa. Gia ya mbele yenye meno 22 ikivuta ya nyuma yenye meno 34, gurudumu huzunguka takriban thuluthi mbili tu kwa kila mzunguko wa pedali, na miguu hupata nafuu.

La tatu ni ujenzi wake. Springi za nyuma za bei rahisi hupoteza nguvu za mwendeshaji na kutatiza ufungaji wa keria. Fremu ya chuma isiyo na springi hufaa zaidi, kwani ikipasuka, fundi wa jua kali aweza kuichomelea. Ya alumini huhitaji mtambo na ujuzi maalumu.

Breki ndizo suala la uhai. Mwenye mzigo wa kilo 15 anayeteremka kuelekea Bonde la Ufa hatakombolewa na rangi ya fremu. Breki zijaribiwe kwenye mteremko mdogo, mzigo ukiwa umefungwa.

Kabla ya safari ndefu, mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli, ni mahali pazuri pa majaribio. Kasoro itakayojitokeza huko itarekebishwa mapema, kabla ya kumkwamisha msafiri mbali na mafundi.