Redio ikibadili mmiliki, nani atawaamsha usiku wa hatari?

Redio ya mtaani ikiuzwa, wasikilizaji wengi huulizia muziki na watangazaji waliowazoea. Mzazi ana swali jingine la kuuliza: usiku wa manane, studio ina mtu?

Mji wa Minot, jimbo la North Dakota nchini Marekani, ulijibiwa swali hilo kwa uchungu. Saa 7:37 usiku wa Januari 18, 2002, treni ya mizigo iliacha reli karibu na mji huo. Mabehewa 31 yalianguka na matangi matano yakapasuka, yakamwaga amonia, kemikali inayotumika pia kama mbolea. Watu wapatao 11,600 walikuwa ndani ya eneo lililofunikwa na wingu la gesi hiyo.

Amonia hushambulia sehemu zenye unyevu: macho, pua, koo na mapafu. Watoto wako hatarini zaidi kwa sababu hupumua haraka kuliko watu wazima.

Ushauri ulikuwa rahisi: bakini ndani, fungeni milango na madirisha, pumueni kupitia kitambaa kilicholoweshwa maji. Tatizo lilikuwa kuufikisha kwa watu waliolala, tena baadhi yao wakiwa gizani baada ya umeme kukatika.

Simu bila majibu

Polisi walipiga simu KCJB, redio ya AM iliyoteuliwa kutangaza dharura. Hawakumpata mtu.

Wakati huo vituo vyote sita vya kibiashara vya Minot vilimilikiwa na kampuni moja, Clear Channel. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilikuwa imeondoa ukomo wa vituo 40 kwa mmiliki mmoja nchi nzima, na kampuni hiyo ikafikisha takriban 1,200. Katika vituo vingi vya aina hiyo, usiku kompyuta ndiyo hurusha vipindi vilivyorekodiwa.

Clear Channel ilijitetea kuwa mfanyakazi alikuwepo, na kwamba polisi ndio walioshindwa kutumia mtambo wa tahadhari. Hata hivyo, mkasa huo ulifika hadi kwenye mijadala ya Seneti kuhusu umiliki wa vyombo vya habari.

Mtu mmoja alifariki akijaribu kukimbia gesi hiyo. Wengine 11 walijeruhiwa vibaya na 322 walipata madhara madogo.

Mzazi ufanye nini?

Redio ya eneo lako ikipata mmiliki mpya, ulizeni kwenye kikao cha mtaa kama usiku kuna mtangazaji zamu, na nani hupokea simu ya dharura.

Nyumbani, weka redio ndogo ya betri. Wafundishe watoto namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Wakisikia harufu kali ya kemikali nje, wasitoke kwenda kuchungulia. Wafunge madirisha na kumwamsha mtu mzima.