Mangi amechoka, nani amwambie afunge?

Mtoto wa jirani alitumwa mafuta ya kula ya shilingi elfu moja, akapewa noti ya elfu kumi. Mangi aliitazama ile noti kupitia nondo za dirisha, akairudisha. "Mwambie mama yako hapa si benki." Mtoto akarudi nyumbani analia, chupa tupu mkononi.

Tuliokuwa kibarazani tulitazamana. Huyu ndiye Mangi ambaye chenji ikikosekana hukupa pipi na utani juu yake. Mangi ni cheo cha watawala wa Wachaga wa zamani, lakini Dar es Salaam limekuwa jina la kila mwenye duka la mtaani, hata akiwa Mpare au Msukuma. Huyu wetu wa Mbagala ni Mchaga kweli, wa Rombo.

Jioni moja wiki hiyo hiyo nilimkuta amekaa juu ya gunia la mchele, taa hajawasha.

"Kaka, sijui nina nini," alisema. "Malaria nimepima, sina. Nalala lakini sipati usingizi, naamka nimechoka. Mteja akigonga, moyo unapiga kama aliyegonga ni mdai."

Saa kumi na moja alfajiri huwa ameshafungua, maana watu wanataka mkate kabla ya kuwahi daladala. Saa tano usiku anafunga, anajilaza kwenye godoro nyuma ya makreti ya soda. Hapo katikati anapima sukari, anauza gesi na umeme wa Luku, anatoa na kuweka pesa za simu, na mara mbili kwa wiki anadamka kwenda Kariakoo kufuata mzigo. Hata akishalala, kuna anayegonga dirisha saa saba usiku akitaka Panadol. Akisema amefunga, anaambiwa ana maringo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hii ya kuchoshwa na kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, ingawa lilisisitiza kuwa yenyewe si ugonjwa: ni matokeo ya msongo wa kazi uliodumu bila kudhibitiwa. Ina sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi uliyokuwa ukiipenda, na kuona huzalishi chochote. Ile chupa tupu ya mafuta ilikuwa sura ya pili. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika juu ya uchovu huu mwaka 1974 huko New York, aliuona kwa wahudumu wa kliniki za bure, waliojitoa kwa moyo wote. Wavivu hawafikii huko.

Ila maelezo ya wataalamu mara nyingi humfikiria mtu mwenye bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Mangi aombe kwa nani? Bosi anayemnyima likizo ndiye huyo huyo aliyekaa juu ya gunia. Na nyuma ya bosi huyo yuko mwenye mkopo wa kausha damu, anayepita kila jioni kuchukua rejesho, duka liwe limeuza au halikuuza.

Nilimuuliza mara ya mwisho kwenda Rombo ilikuwa lini. Akanyamaza, kisha akasema ameruka Desemba mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila anayeishi Dar anajua Desemba ilivyo: Wachaga wanakwenda kwao, mabasi ya Moshi yanajaa, na maduka mtaa mzima yamepigwa kufuli hadi Januari. Sisi wengine tunalalamika, tunatembea mbali kutafuta chumvi. Lakini wakirudi, wateja ni wale wale, na hata daftari la madeni linawasubiri. Wachaga walishajua zamani kwamba duka linaweza kufungwa na lisife. Mangi wetu aliisahau hekima ya kwao kwa sababu alihofia rejesho.

Tukachukua kalamu tuone kufunga nusu siku kungemgharimu kiasi gani. Jumapili kuanzia saa nane mchana duka huuza kama elfu themanini, na faida yake haizidi elfu nane. Kwa mwezi, elfu thelathini na mbili. Kisha nikamwomba anihesabie makosa ya mwezi uliopita. Alirusha laki moja na nusu kwenye namba isiyo sahihi usiku, macho yamemlemea, na aliyepokea akazima simu. Alinunua katoni sita za biskuti bila kutazama tarehe. Na mama wa yule mtoto sasa ananunulia duka la pili. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

Siupi mpango huu sifa za bure: kupumzika nusu siku hakufuti mkopo. Ilibidi akae na mkopeshaji apunguze rejesho, na amlete mpwa wake ashike dirisha jioni. Wala si kila uchovu huishia hapo. Ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, au ukaanza kuona heri usingekuwapo, hilo ni la hospitali, na Muhimbili wanatoa huduma ya afya ya akili. Najua tumeligeuza jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kuwa tusi, na wengi hufia ndani ya aibu hiyo. Nenda tu.

Mafuta ya yule mtoto aliyapeleka mwenyewe, hadi mlangoni kwa mama yake.

Jumapili iliyopita saa tisa mchana niliishiwa chumvi. Nilikuta dirisha la Mangi limefungwa kwa kufuli mbili. Nikaenda duka la pili.