Utangulizi: Kugawa Diski Kabla ya Kubadili Mfumo wa Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 7 ilikuwa imetangulia, tangu 14 Januari 2020. Masini ya mtumba inayofika Baraka kwa njia ya ziwa, au kwa barabara ya Uvira, kisha ikapandishwa milimani mpaka Minembwe, huku Kivu Kusini, mara nyingi huja na mmoja wa mifumo hiyo miwili. Windows 11 huikataa masini hiyo, kwa kuwa inadai prosesa ya miaka ya karibuni na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Anayekuambia kwamba masini yako imekufa anakudanganya. Itawaka kesho kama ilivyowaka jana, ila mianya ya usalama itakayogunduliwa haitazibwa tena kwa utaratibu wa kawaida. Mwenye masini ataamua abaki na mfumo wa zamani, apige Windows upya, au ahamie Linux, mfumo mwingine wa bure. Akiamua lolote zaidi ya kubaki, atafikishwa kwenye skrini moja ambayo haina huruma: orodha ya partisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, na chini yake kitufe cha kufuta.

Somo hili linaanzia kwenye skrini hiyo. Karibu, hata kama wewe si fundi. Mwalimu mwenye alama za wanafunzi wa miaka mitano, karani wa zahanati, mtangazaji wa redio ya jamii mwenye sauti za wazee ambao wengine hawapo tena: hao ndio wenye cha kupoteza, na wana haki ya kuelewa fundi anafanya nini.

Kugawa diski si jambo jipya. Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta yake ya XT, yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na PC DOS 2.0. Wabunifu walitaka mifumo tofauti iweze kuishi katika diski moja bila kukanyagana, basi wakaweka jedwali mwanzoni mwa diski. Sekta ile ya kwanza ina baiti 512: 446 za programu fupi ya kuwashia, 64 za jedwali lenyewe, na 2 za alama ya kuthibitisha. Hizo 64 ndizo zinazosema kila partisheni inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Ukichana daftari la mipaka ya shamba, mihogo haing'oki, ila hakuna tena ajuaye upi ni wa nani. Kufuta partisheni ni hivyo hivyo. Faili zako bado zimelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana programu ya bure ya TestDisk, ya Mfaransa Christophe Grenier, mara nyingi huweza kurudisha partisheni iliyofutwa kwa bahati mbaya, mradi mwenyewe aache kuitumia diski mara moja. Kwenye SSD, diski isiyozunguka, tumaini ni dogo, kwa sababu diski za aina hiyo huweza kusafisha nafasi iliyoachwa bila kungoja.

Jedwali hilo la zamani, MBR, lina nafasi nne tu, na hapo ndipo mafundi wengi hunaswa. Kompyuta nyingi za mapajani za HP za enzi za Windows 7 zilitoka kiwandani nafasi zote nne zikiwa zimejaa: ya kuwashia, ya Windows, ya kurejesha mfumo, na ndogo ya zana za HP. Ukijaribu kuongeza ya tano, Windows haikatai moja kwa moja. Inakushauri kwa upole uigeuze diski kuwa ya namna inayoiita “dainamiki”. Usikubali. Utajuta siku utakapotaka kuweka Linux. GPT, jedwali la kisasa linaloendana na UEFI (utaratibu mpya wa kuwasha kompyuta), kwa kawaida lina nafasi 128 na huweka nakala yake mwishoni mwa diski. Tangu 2017 Windows 10 ina zana iitwayo MBR2GPT, inayobadilisha jedwali bila kufuta faili. Lakini hiyo nayo inahitaji jedwali lisiwe limejaa, na masini iwe na uwezo wa UEFI.

Basi utajuaje partisheni ipi ni ipi? Usitegemee herufi. C na D ni majina ambayo Windows huzipa partisheni ikishawaka. Ukiwasha kwa flashi ya kuwekea mfumo utakuta namba tu, na Linux ina majina yake kabisa. Tazama ukubwa. Partisheni ya UEFI ya kuwashia mara nyingi huwa ya megabaiti mia moja au mia chache. Iliyo na Windows ni kubwa, na ya kurejesha mfumo huwa karibu megabaiti 500 au zaidi. Kabla ya kuanza, andika kwenye karatasi ukubwa wa kila moja, na uipe partisheni ya kazi zako jina linaloeleweka. Usishtuke diski ya gigabaiti 500 ikionekana kuwa na 465. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024, fundi hajakuibia.

Sasa umeme, na hapa msomaji wa Minembwe anapaswa kuwa makini kuliko msomaji wa Nairobi. Kupunguza partisheni kutoka mwisho wake, ili kupata nafasi ya mfumo mpya, ni kazi nyepesi: faili chache zinasogezwa, mpaka unaandikwa upya. Kusogeza mwanzo wake ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kila kilichomo kinapaswa kunakiliwa kuelekea mahali papya, na kwenye diski kuukuu inayozunguka hilo laweza kuchukua saa nyingi. Betri ya sola ikizima katikati, nusu ya data iko hapa na nusu iko kule. Mtu anayetegemea paneli za jua na betri ya kompyuta ya mapajani iliyochoka apunguze mwisho tu, asubuhi ya jua kali, na asisogeze mwanzo kamwe. Kunakili faili nje, kufuta na kugawa upya ni salama kuliko kusogeza.

Wanaohamia Linux huku wakibaki na Windows kando watakutana na kero moja. Linux husoma NTFS, muundo wa Windows wa kupanga faili, bila shida, lakini Windows kwa kawaida haisomi ext4, muundo wa Linux, kwa hiyo faili za pamoja zikae kwenye NTFS. Lakini tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili. Mfumo hulala nusu, na Linux ikikuta hali hiyo huweza kukataa kuandika. Shikilia kitufe cha Shift unapozima, au uchague kuwasha upya.

Kosa kubwa kuliko yote halina uhusiano na skrini. Watu hugawa diski sehemu mbili, wakaweka kazi zao D, wakaamini wana bekapu. Hawana. D na C ni diski moja: ikianguka chini zinakufa pamoja, ikiibwa zinaondoka pamoja. Bekapu ni diski nyingine, iliyokaa nyumba nyingine.

Kwa hiyo, siku utakapompelekea fundi masini yako, mwombe akuonyeshe orodha ya partisheni kabla hajagusa kitu, na akutajie anayokusudia kuifuta na kilichomo ndani yake. Akishindwa kukutajia, chukua masini yako urudi nayo nyumbani.