Je, Wajua? Nzi Huwahi Kuliko Polisi

Nzi wa kijani wanaweza kuifikia maiti iliyo wazi ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya mtu yeyote kujua kuna kifo. Hutaga mayai machoni, puani na kwenye majeraha. Kwa kupima umri wa funza, mtaalamu hukadiria marehemu amelala pale siku ngapi. Joto huiharakisha saa hiyo: funza wa tambarare za Handeni na Korogwe hukua upesi kuliko wa Lushoto, kwenye baridi ya mlimani.

Huko China, katika karne ya 13, iliandikwa habari ya mtu aliyeuawa kwa mundu. Mpelelezi aliwaamuru wanakijiji waweke miundu yao chini, juani. Yote ilionekana safi. Nzi wakafuata harufu ya damu, wakatua kwenye mmoja tu, na mwenye mundu huo akakiri.

Siku hizi, panga lenye damu iliyokauka hufungwa kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu, nao huharibu vinasaba (DNA). Nchini Tanzania vipimo vya vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo chimbuko lake ni maabara ya mwaka 1895, zama za Mjerumani.

Vinasaba vilipotumika kwa mara ya kwanza kupeleleza mauaji, Uingereza mwaka 1986, havikuanza kwa kumnasa muuaji. Vilimwokoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mauaji ambayo hakuyafanya.