Nyufa za Bukoba

Wasikilizaji, habari za tetemeko la ardhi huja na hesabu ya waliokufa na hesabu ya nyumba zilizoanguka, kisha hukoma. Leo twazitazama nyumba zilizobaki zimesimama.

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilitikisika katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kipimo kilionyesha 5.9, na mtikisiko ulisikika hadi Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Nchini Tanzania watu 17 walipoteza maisha, na mamia walijeruhiwa.

Hesabu ya awali ilitaja nyumba 840 zilizoanguka na nyumba 1,264 zilizopata nyufa. Wakaguzi walipoendelea kupita mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji, idadi hizo zilipanda hadi maelfu mengi, na zenye nyufa zikazidi mno zilizoanguka. Hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya askari. Kifusi hudai sepetu na mikono. Nyumba yenye ufa huwaita wenyewe warudi, maana ndani mna godoro, mna sufuria, mna cheti cha shule cha mtoto. Nayo mitikisiko midogo hufuata kwa siku, hata kwa majuma, na ukuta uliokwisha kulegea hautaki nguvu nyingi.

Askari aliyewekwa katika mtaa kama Hamugembe, mjini Bukoba, si fundi mwashi. Hata hivyo yako mambo ambayo jicho lolote laweza kuyaona. Ufa mwembamba wa plasta peke yake waweza kumsubiri mkaguzi. Lakini ufa wa mshazari uanziao pembe ya dirisha na kukata matofali, kuta mbili zilizoachana penye kona, au ukuta wa pembetatu chini ya paa ulioinama nje, hizo ni dalili za kumzuia mtu mlangoni, hata akilia. Nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila lenta ya zege ya kuzifunga kuta pamoja. Kila ukuta ukayumba kivyake.

Misaada ilikuja, ikiwamo mabati, magodoro na mablanketi kutoka Kenya. Swali likawa ni nani ajengewe. Mwezi Januari 2017, Rais Magufuli alitamka mjini Bukoba kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Fedha zitatengeneza shule, hospitali na barabara za umma. Wako walioona uchungu, nasi hatuwezi kuwalaumu, kwani michango ilipotangazwa wengi walidhani ni ya mapaa yao. Hata hivyo shule ya sekondari ya Ihungo, ambayo ilifungwa na wanafunzi wake kuhamishiwa kwingine, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza na kuzinduliwa Januari 2021.

Wenye nyumba walirudi kwenye kuta zao wakiwa na mifuko yao wenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo plasta ndiyo dawa ya bei nafuu, nayo hulificha jeraha bila kuliponya. Kwa hiyo daftari la askari aliyepita siku za kwanza, lenye jina la mwenye nyumba, ukuta uliopasuka na upande ulioelekea ufa, lina thamani miaka mingi baadaye. Rangi mpya ikishapakwa, hakuna mahali pengine pa kuusoma ufa huo.